R Kumi na Moja

Mama yake Chiriku alikuwa mkaguzi wa mizani. Kwa miaka kumi na tatu alizunguka madukani, maghalani na kwenye machinjio akiwa na sanduku la mawe ya kupimia, kila jiwe katika tundu lake. Aliweka jiwe la kilo moja juu ya mzani na kutazama kama mzani unasema kilo moja. Ukisema, aliubandika karatasi ya kijani. Usiposema, aliuandika kwa chaki nyekundu herufi moja, R, yaani rudisha: urudishwe kwa fundi. Mzani uliopata R tatu uliondolewa kazini, hata mwenye duka alalamike vipi. Hapakuwa na ukatili katika jambo hilo. Mzani unaodanganya hauponi kwa kuonewa huruma.

Alhamisi moja alasiri, akitafuta kichongeo katika mkoba wa shule wa binti yake, alikuta daftari la muziki.

Chiriku alikuwa na miaka tisa. Jina hilo alipewa na baba yake kwa sababu ya wingi wa maneno, akalizoea kuliko lile la kwenye cheti. Alikuwa na zaidi ya mwaka akijifunza kinanda kanisani kila Jumamosi, na kwa wiki nne sasa alikuwa na wimbo mmoja tu: wimbo wa kufungulia ibada, beti tatu na kiitikio, ambao angewapigia watoto wenzake waimbe mbele ya kanisa zima. Siku yenyewe ilikuwa Jumapili hii inayokuja.

Kila Jumamosi mwalimu alibandika daftarini nakala mpya ya wimbo uleule, yenye tarehe. Ulikuwa umeandikwa kwa herufi: d kwa do, r kwa re, m kwa mi, na kuendelea. Juu ya mistari zilikaa R kubwa, za wino mwekundu.

Mkaguzi hakukurupuka. Kwanza alihakikisha kwamba hizo si re. Re zote zilikuwa herufi ndogo, za wino wa buluu, ndani ya mistari. Hizi zilikuwa juu, na zimeandikwa kwa mkono. Kulikuwa pia na vistari vifupi vyekundu chini ya baadhi ya maneno. Hivyo alivichukua kuwa ni mahali pa waimbaji kupumua, akaviacha. Kisha akahesabu. Wiki ya kwanza, R mbili. Ya pili, nne. Ya tatu, saba. Ya nne, kumi na moja.

Akahesabu tena kutoka nyuma kwenda mbele. Ikawa ileile.

"Chiriku! Njoo mara moja."

Mtoto alikuja mbio, kiatu kimoja mguuni. "Mama, unajua paka wa jirani amezaa? Watatu! Mmoja hana mkia, lakini mama yake hajali, anamlamba hivyohivyo, na mimi nika..."

"Hii R ni nini?"

Chiriku akatazama ukurasa. "Ni rudi."

"Najua," mama yake alisema, akafunga daftari.

Kinanda cha nyumbani kilikaa sebuleni, kati ya dirisha na cherehani. Baba yake Chiriku alikuwa fundi cherehani na alifanyia kazi hapohapo, kwa hiyo mazoezi ya mtoto aliyasikia yote. Mkaguzi alisikia yale ya jioni tu, akisharudi kutoka kazini, na kwa mazoezi hayo alikuwa ameweka kanuni moja: ukikosea, unaanza mwanzo. Wimbo uliopigwa nusu sawa na nusu kosa, kwake, haukuwa wimbo.

Jioni hiyo Chiriku alianza mwanzo mara tisa. Mara ya tisa alifika mstari wa pili wa ubeti wa pili, akagusa pasipo pake, akaondoa mikono kabla hajaambiwa.

"Basi," mama yake alisema. "Inatosha kwa leo."

Chiriku alipotoka, baba yake alisimamisha cherehani. "Mama Chiriku, nikuulize. Mbona akiwa na mimi anafika mwisho?"

"Anafika mwisho gani?"

"Mwisho wa wimbo. Jana kafika mara tatu, nikiwa napiga mikunjo ya sare za watu."

"Na makosa?"

"Makosa yapo. Hata mimi nilishona mkono wa kushoto upande wa kulia. Tukaendelea wote wawili."

"Wewe husikilizi. Unashona."

"Nashona kwa mikono na miguu. Masikio hayana kazi."

Mkaguzi hakucheka. Alimfungulia daftari na kumwonyesha tarehe na hesabu. Baba yake Chiriku alizitazama kwa muda unaostahili, kama mtu anayeonyeshwa picha ya ugonjwa wake na daktari, kisha akasema yeye na hesabu walishaachana darasa la sita, lakini mtoto anaupenda wimbo huo, anauimba hata akienda kuoga.

"Kupenda si tatizo," mkaguzi alisema. "Tatizo ni Jumapili."

Alikuwa na sababu, ingawa hakuwa na desturi ya kuitaja. Yeye mwenyewe, akiwa na miaka kumi, alisimamishwa mbele ya kanisa kusema maneno aliyoyakariri mwezi mzima. Maneno yalipotea katikati. Aliomba aanze upya, akaanza, yakapotea palepale. Akaanza mara ya tatu. Mwishowe mama mmoja wa kwaya alimshika mkono na kumshusha jukwaani, na watu wakapiga makofi ya huruma. Kati ya yote aliyoyasikia siku ile, makofi hayo ndiyo aliyoyakumbuka vizuri zaidi. Mtoto anayezidi kuharibu kila wiki, kutoka mbili hadi kumi na moja, hapelekwi mbele ya watu. Anaepushwa.

Alimwambia Chiriku siku hiyohiyo, kabla ya chakula, bila kuzunguka. "Jumamosi nitazungumza na mwalimu. Jumapili hutapiga. Na kinanda tutakipumzisha kwa muda, mpaka tuone."

"Sawa," Chiriku akasema.

Mezani alikula chote alichopakuliwa. Baba yake alimtania kwamba chiriku ameota meno na hawezi tena kulia, naye akatabasamu kidogo kwa adabu. Ijumaa aliporudi kutoka shuleni alikifuta kinanda vumbi, akakifunika kwa kipande cha kitambaa alichokiomba kwenye mabaki ya baba yake, akakunja pembe zake vizuri. Hakuna aliyemtuma. Mkaguzi alipofika nyumbani na kukiona kimefunikwa, aliona kwamba uamuzi umepokelewa, na kwamba hilo ni jambo jema. Hata hivyo alishindwa kukaa sebuleni.

Jumamosi walikwenda kanisani saa tisa. Chiriku alibaki nje kwenye ngazi na watoto wengine. Mama yake aliingia na daftari.

Mwalimu wa muziki kwa kazi yake alikuwa fundi wa mafriji, na watoto walimwita Mwalimu Barafu. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya spika akiunganisha waya, sanduku la vifaa likiwa wazi pembeni.

"Mama Chiriku! Karibu, karibu. Leo umewahi. Shika hapa kidogo, usiogope, haina umeme."

Alishika waya. Alipoona mwalimu amemaliza, akasema alichokuja kusema, kwa mpangilio: kwamba ameliona daftari, kwamba alama zinapanda kila wiki, kwamba anamshukuru kwa uvumilivu wake, na kwamba ni afadhali Jumapili atafutwe mtoto mwingine.

Mwalimu Barafu alisimama polepole, bisibisi mkononi. "Alama zipi?"

"R."

"Zinapanda, ndiyo. Mbona nilidhani utakuja na soda tusherehekee?"

"Mwalimu, kumi na moja."

"Kumi na moja! Hapa hakuna mtoto mwingine aliyefika sita." Akamtazama vizuri, na utani ukamtoka usoni. "Ngoja. Wewe unaisomaje hiyo R?"

"Rudia. Rudisha. Amekosa, arudie. Nilimuuliza mwenyewe, akaniambia ni rudi."

"Amekwambia kweli. Ni rudi. Lakini si rudi ya kumwamrisha. Ni amerudi."

"Amerudi wapi?"

"Kwenye wimbo." Mwalimu akakaa kwenye benchi la mbele na kuomba daftari. "Sikiliza, mama. Mtoto anapiga, wenzake wanaimba. Anapotea. Wote wanapotea, hata mimi. Wenzake hawasimami. Zamani Chiriku akipotea alikuwa anaacha kabisa, anasema tuanze mwanzo, tuanze mwanzo. Hapo naweka kistari, hiki hapa. Sasa, siku nyingine anapotea, anatoa mikono, anasikiliza wenzake wamefika wapi, kisha anaingia palepale walipo, mwenyewe, sijamwambia kitu. Hapo naandika R. Ndicho kitu pekee ninachomfundisha mwezi huu. Vidole vitakuja vyenyewe."

Mkaguzi aliitazama tena R ya kwanza. Lilimjia neno lenyewe, kurudi, ambalo nyumbani kwao alikozaliwa lilikuwa na maana moja nzito: mzazi humrudi mtoto, yaani humwadibisha. Alikua akisikia kwamba Mungu naye hufanya hivyo kwa wale anaowapenda.

"Nilidhani unamrudi," alisema.

"Mimi simrudi. Anarudi mwenyewe."

"Naomba kalamu."

Mwalimu alimpa penseli ya seremala iliyokuwa nyuma ya sikio lake. Mkaguzi alifungua wiki ya kwanza na kuhesabu vistari, vile alivyodhani ni vya kupumua. Kumi na sita. Wiki ya pili kumi na vitatu, ya tatu vinane, ya nne vitatu. Akaviandika pembeni ya R: mbili na kumi na sita, nne na kumi na vitatu, saba na vinane, kumi na moja na vitatu. Akajumlisha.

"Makosa yenyewe hayajapungua sana," alisema. "Yalikuwa kumi na nane. Sasa ni kumi na manne."

"Hayajapungua sana, ndiyo. Sitakudanganya. Ana miaka tisa."

"Lakini zamani alirudi mara mbili katika kumi na nane."

"Na sasa?"

"Kumi na moja katika kumi na manne." Alirudia kuzitazama tarakimu. Zilikuwa zake mwenyewe, kwa mwandiko wake mwenyewe, na hazikuwa na mahali pa kupinga. Hesabu ya Alhamisi haikuwa na kosa hata moja. Kosa lilikuwa kwenye jina la safu. "Na hivi vitatu vilivyobaki?"

Mwalimu akainama juu ya ukurasa. "Vyote ubeti wa tatu. Jumamosi iliyopita tulianza kuupiga kama saa kumi na nusu hivi."

Mkaguzi alikumbuka saa hiyo. Jumamosi iliyopita alikuja kumchukua Chiriku mapema, akakaa benchi la tatu, upande anaoutazama mpiga kinanda. Saa ya ukutani ilisema saa kumi na dakika ishirini na tano. Hakulisema hilo kwa sauti, na mwalimu, ambaye huenda alilijua, hakuuliza.

Nje watoto walikuwa wakigombana nani ameanza kumsukuma nani. Sauti ya Chiriku haikuwamo.

"Nyumbani nilimwekea kanuni," alisema baadaye. "Akikosea, anaanza mwanzo."

"Nilihisi. Mwanzo anaujua kama jina lake. Mwisho ndio hajazoeana nao." Mwalimu Barafu alifunga sanduku lake la vifaa. "Nikuulize jambo lisilonihusu? Wewe ukiwa unaomba, mawazo yakatoka, yakaenda sokoni, unafanyaje?"

"Naanza upya."

"Kutoka 'Baba'?"

"Kutoka mwanzo. Ndiyo."

"Na amina unaifikia?"

Alitafakari, kwa sababu swali lilitaka jibu la kweli. "Siku nyingine."

Mwalimu alicheka, lakini si kwa kumcheka. "Mimi niliacha kanisa miaka sita, mama. Si kwa jambo kubwa. Nilikuwa na kazi nyingi, halafu nikawa na aibu ya kutokwenda, halafu aibu ikawa ndiyo desturi. Siku niliyorudi nilichelewa, nikakuta wanaimba, wako katikati ya ubeti wa pili. Nilisimama pale mlangoni nikiwaza, sasa naanzia wapi? Mzee mmoja akasogea kwenye benchi, akanionyesha mstari kwa kidole. Basi. Hakuna aliyesimamisha wimbo aniulize miaka sita nilikuwa wapi. Nikaimba kilichobaki. Tangu siku ile ninaamini Mungu ndivyo anavyonifundisha. Anaendelea, nami namsikia yuko wapi, naingia. Hajawahi kuniambia tuanze mwanzo."

"Huo si ushahidi," mkaguzi alisema. "Ni ushuhuda."

"Kanisani ndio tulio nao."

Alitaka kujibu kwamba hautoshi. Lakini mbele yake, magotini, kulikuwa na tarakimu nane alizozipanga mwenyewe, na zilielekea upande uleule aliouelekea fundi wa mafriji. Jambo hilo lilimsumbua kidogo. Chini ya usumbufu huo kulikuwa na kitu kingine, na ilimchukua muda kukitambua kwa sababu kilikuja kupitia mabegani: yalikuwa yameshuka. Tangu Alhamisi aliyabeba juu, karibu na masikio, bila kujua. Au tangu zamani zaidi.

Alikwenda mlangoni. Watoto walikuwa wamekaa kwenye ngazi, Chiriku ngazi ya mwisho, peke yake, akihesabu vifungo vya sweta lake.

"Chiriku. Njoo."

Akaja taratibu. "Umeshamwambia?"

"Nimemwambia. Sasa sikiliza. Nilikosea kusoma."

"Kusoma nini?"

"R. Nilidhani ni makosa yako."

Chiriku alimtazama mama yake kwa makini, akitafuta mtego. "Wewe? Umekosea?"

"Mimi."

"Lakini nilikwambia ni rudi."

"Uliniambia."

"Ukasema unajua!"

"Nilisema."

"Kumbe hukujua."

"Sikujua. Ungeweza kunieleza zaidi."

"Ningekueleza, lakini ulisema unajua, sasa mtu akisema anajua utamweleza nini? Halafu ulikuwa umeweka uso wa kazini. Baba naye hakusema kitu, na nikafunika kinanda, na usiku sikulala, yaani nililala lakini nikiwa macho, na..." Alikata maneno. "Kwa hiyo napiga?"

"Jumapili unapiga. Ukipotea, urudi. Na nyumbani hakuna tena kuanza mwanzo."

"Hata nikikosea mara kumi na moja?"

"Hata mara kumi na nne."

Hapo Chiriku alilia, kwa muda mfupi na kwa kelele, uso wake ukiwa kwenye tumbo la mama yake, kisha akajifuta kwa mkono wa sweta na kuanza kueleza habari za yule paka asiye na mkia, ambazo hazikuwa zimekwisha siku ile. Mama yake alizisikiliza mpaka mwisho. Kwa kweli zilikuwa na mambo mengi.

Mazoezi yalianza saa kumi kasoro robo. Watoto kumi na wawili walisimama mistari miwili. Mwalimu Barafu alimwambia mkaguzi kwamba anayekaa lazima aimbe, hapa si sinema, akamsukumia karatasi ya maneno. Mkaguzi hakuwa ameimba mbele ya mtu kwa miaka mingi. Alisimama kandokando ya mstari wa nyuma, mrefu kuliko wote.

Ubeti wa kwanza ulipita. Katika ubeti wa pili, mstari wa pili, kinanda kilinyamaza. Watoto waliendelea. Mkaguzi alijizuia kugeuka, kisha akageuka: mikono ya Chiriku ilikuwa hewani, midomo yake ikitamka maneno bila sauti, macho yake yakiwa kwa wenzake na siyo kwa mama yake. Mstari mmoja ukapita hivyo. Ukapita nusu ya mwingine. Kisha mkono wa kushoto ukashuka, wa kulia ukafuata, na wakafika kwenye kiitikio wote pamoja.

Katika ubeti wa tatu aliyepotea ni mkaguzi. Alikuwa bado na macho kwenye mikono ile, na alipoyarudisha kwenye karatasi aliimba mstari wa kwanza mara mbili, kwa sauti, peke yake. Msichana mdogo aliyesimama mbele yake alianza kuchekea kwenye kiganja. Mkaguzi alifunga mdomo. Kinanda kilishikilia sauti moja, sol, kwa muda mrefu kuliko ilivyoandikwa. Watoto nao wakaishikilia, wengine wakiishiwa pumzi. Naye akapata mahali kwa kidole na kuingia.

Walipomaliza, Chiriku alishuka kwenye kiti na kuja moja kwa moja.

"Mama, kwenye ubeti wa tatu ulipotea."

"Nilipotea."

"Nilikuona. Nikakungoja kwenye sol." Akamshika mkono. "Lakini usizoee. Kesho kuna watu wengi."